Bibi Harusi Si Dawa ya Unga



Leo hatuzungumzii singo wala michoro ya hina. Tunazungumzia maneno mawili tu yaliyoharibu nyumba nyingi katika visiwa vyetu: "Muozesheni, atatulia."

Maneno haya husemwa juu ya kijana aliyezama kwenye unga. Mama yake amelia mpaka basi. Baba amemfukuza na kumrudisha, amemfukuza na kumrudisha. Mtungi wa gesi umeuzwa, simu ya dada mtu imeuzwa, hata sufuria zimekwenda. Halafu kwenye kikao cha familia anatokea mtu mmoja, mara nyingi shangazi, anasema huyu hana ugonjwa wowote, anataka mke tu. Basi inaandaliwa posa. Lakini angalieni inapelekwa wapi. Haipelekwi kwa jirani, maana jirani anajua. Inatoka mjini ikaenda shamba, au inavuka maji kutoka Unguja hadi Pemba, kwa watu wanaolijua jina la ukoo lakini kijana mwenyewe hawamjui.

Sisi tunashona nguo za harusi. Kazi hii inatukalisha na bibi harusi kuliko wanavyokaa naye washenga. Anakuja kupimwa, anarudi kujaribu, tunabana kiuno, tunaachia mikono, na katika wiki hizo tatu nne anasema mambo ambayo nyumbani kwao hajayasema. Tunawaona pia baadhi yao wanaporudi baada ya mwaka, wameishika nguo ile ile ndani ya mfuko, wanauliza kama tunamjua mtu wa kuinunua. Dhahabu ilishauzwa zamani, na wao hawakuiuza.

Kwa hiyo tunasema bila ya kuzunguka: ndoa si tiba ya unga. Anayempeleka binti wa watu kwa mgonjwa asiyetibiwa, kisha akanyamaza, amewadhulumu watu wawili. Amemdhulumu binti, na amemdhulumu mgonjwa mwenyewe.

Unga si upweke

Anayesema "anataka mke tu" hajui unga ni kitu gani. Unga ni heroini. Ukiingia mwilini unakwenda kwenye ubongo, kwenye zile sehemu zinazosimamia maumivu na raha. Ukitumiwa kila siku, mwili unauzoea mpaka unaacha kujituliza wenyewe. Hapo dozi ikikosekana, kiasi cha saa 6 hadi 12 tu arosto inaanza: makamasi, machozi, miayo, jasho la baridi, tumbo kukata, kuharisha, mifupa kuuma, usingizi kukimbia kabisa. Siku ya pili na ya tatu ndizo nzito zaidi. Baada ya wiki moja hivi, mwili unatulia.

Na hapo ndipo familia nyingi zinapodanganyika. Kijana amefungiwa chumbani siku kumi, sasa anakula, mashavu yamejaa, Ijumaa ameoga akaenda msikitini. Watu wanasema alhamdulillah, amepona, tumtafutie mke haraka kabla hajarudia.

Kilichotulia ni mwili. Mazoea bado yapo pale pale. Ubongo wake unaikumbuka ile kona, unaikumbuka sauti ya kiberiti, karatasi ya foili, sauti ya rafiki fulani kwenye simu, noti ya elfu kumi mfukoni, ile saa ya jioni aliyokuwa akitoka. Kila kimoja katika hivyo kinamvuta, hata miezi mingi baada ya arosto kwisha, na mara nyingi yeye mwenyewe hajui kilichomvuta. Anajikuta tu ameshafika.

Kuna jambo la kutisha zaidi ambalo mama zetu hawaambiwi. Mwili uliokaa wiki kadhaa bila ya unga hauwezi tena kubeba kiasi kile cha zamani. Akirudi akatumia kipimo alichokizoea, pumzi inaweza kukatika hapo hapo. Ndiyo maana wengine hawafi katika siku zile wanazotumia kila leo. Wanakufa muda mfupi baada ya kutoka jela, au baada ya kufungiwa na watu wao. Huyo ndiye mnayemvisha joho na kilemba wiki ya tatu!

Wiki ya harusi ni mtego

Watu walioacha unga wana somo fupi wanalofundishana duniani kote. Wanasema kuna hali nne za kuogopa: njaa, hasira, upweke na uchovu. Mtu anayejijua, akihisi mwili unaanza kuwashwa, kwanza hujiuliza: nimekula? Nimegombana na mtu? Nimejitenga? Nimelala? Mara nyingi jibu limo humo, na akilitengeneza hilo, hamu inapungua.

Sasa itazameni wiki ya harusi kwa jicho hilo. Bwana harusi halali vizuri. Anakula saa zisizojulikana. Anagombana na kaka zake juu ya gharama. Anazungukwa na watu mia, na hakuna hata mmoja anayeweza kumwambia kwamba usiku uliopita alitamani kutumia. Marafiki wote wa zamani wanakuja, wale wa maskani ndio wa mwanzo, na harusini humfukuzi mtu. Mikononi mwake zinapita fedha taslimu ambazo hajazishika kwa mwaka mzima. Halafu anawekwa ndani siku saba za fungate na mwanamke asiyemjua, mbali na mtu yeyote aliyekuwa akimsaidia.

Kama mngekaa kikao kutafuta njia ya kumrudisha kijana kwenye unga, msingepata mpango mzuri kuliko huo. Na akianguka, lawama ya kwanza inakwenda kwa bibi harusi. Ataambiwa hakumpokea vizuri mumewe, hakupika, hakujipamba. Kungwi ataitwa kumsomesha upya. Nguo iliyokatwa vibaya haitengenezwi kwa kupiga pasi, lakini hapa pasi ndiyo inayolaumiwa.

Katika vikundi vya watu walioacha dawa za kulevya kuna ushauri unaosikika sana: mwaka wa kwanza usianze mapenzi mapya. Wanayasema hayo watu waliopita humo. Sisi tunawaletea ndoa mwezi wa kwanza.

Kinachotibu ni kujijua na kujizoesha upya

Msitufahamu vibaya. Hatusemi kuwa hakuna tiba. Tiba ipo, na katika visiwa vyetu ipo karibu kuliko watu wanavyodhani. Nyumba za upataji nafuu, hizi tunazoziita soba, zilianza Unguja mwaka 2009. Methadoni ilianza kutolewa Muhimbili mwaka 2011, na kwetu ikaanza Kidongo Chekundu mwaka 2015. Mgonjwa anakwenda kliniki kila siku, anakunywa dozi yake mbele ya mhudumu, arosto haimsumbui, na anabaki na akili ya kufanya kazi. Wanaosema hiyo ni kubadilisha unga kwa unga watuambie: huu wa kliniki nani amewahi kuuza mtungi wa gesi kwa ajili yake? Hakuna sindano ya kuchangia, hakuna kete ya kutafuta usiku.

Lakini si methadoni wala soba inayoweza kumfanyia mtu kazi ile ya ndani. Kazi hiyo ni yake, na ina sehemu mbili.

Ya kwanza ni kujijua. Soba zetu nyingi zinafuata hatua 12, mpango uliotoka kwa walevi wa Marekani waliojikusanya mwaka 1935. Ndani yake mtu anatakiwa aandike mabaya yake bila ya kujificha, aombe radhi kwa aliowadhuru na kulipa pale inapowezekana, kisha aendelee kujikagua kila siku. Wapo wanaosema hayo ni mambo ya kizungu. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ndani ya Ihya ameweka kitabu kizima juu ya muraqaba na muhasaba: asubuhi mtu aweke sharti na nafsi yake, mchana aichunge, usiku aihesabu. Ameifananisha nafsi na mshirika wa biashara, ambaye usipomkagua atakula mtaji. Kwa hiyo asiambiwe mtu kwamba kujikagua ni ugeni. Ugeni ni kuacha.

Sisi wenye biashara tunalielewa hili haraka. Kila usiku tunafunga hesabu: kimeingia nini, kimetoka nini, nani ana deni. Asiyefunga hesabu hajui kama duka linakufa, mpaka siku mwenye nyumba anapogonga mlango kudai kodi. Anayeacha unga naye anafunga hesabu yake: leo nilitamani saa ngapi? Nilikuwa wapi? Nilikuwa na nani? Nilidanganya nini? Baada ya wiki mbili anaanza kuiona sura ya maradhi yake. Mmoja atakuta hatari yake ni siku ya malipo. Mwengine ni kila anapogombana na baba yake. Mwengine ni ukimya wa baada ya Isha.

Sehemu ya pili ni kujizoesha upya, kwa sababu kuijua hatari bila ya kubadilisha mwendo hakusaidii kitu. Yule wa siku ya malipo anamwomba bosi wake fedha ziende kwenye simu ya mama. Yule wa kona anabadilisha njia ya kurudi nyumbani, hata kama inazidi dakika ishirini. Yule wa baada ya Isha anakwenda kwenye kikao cha wenzake walioacha, au anafanya kazi ya mkate inayomlaza mapema. Laini ya simu inabadilishwa, majina ya zamani yanafutwa. Ni mambo madogo, hayana hata sura ya tiba. Lakini ile saa iliyokuwa ya unga inapata mwenyewe mpya.

Na hiyo si kazi ya wiki moja. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010, Phillippa Lally na wenzake wa University College London walifuatilia watu 96 waliokuwa wakijizoesha jambo moja jepesi kila siku, mfano kula tunda na chakula cha mchana au kukimbia kidogo. Kwa wastani iliwachukua siku 66 jambo hilo kuwa mazoea. Wa haraka alichukua siku 18, na kwa wa polepole makisio yalifika siku 254. Hiyo ni kwa tunda! Sisi tunataka fungate ya siku saba imalize mazoea ya unga ya miaka saba.

Mwenye imani naye atazame namna Mola wetu alivyowatoa waja wake katika ulevi. Hukumu leo imekamilika, na unga ni haramu bila ya mjadala. Lakini katazo la pombe lilishuka kwa hatua. Katika Suratul Baqara, aya ya 219, watu walielezwa kwamba madhara yake ni makubwa kuliko manufaa yake. Huko ni kumfumbua mtu macho. Katika Suratun Nisaa, aya ya 43, wakakatazwa kuikaribia sala wakiwa wamelewa. Sala ni tano, na zimeigawa siku vipande vipande, kwa hiyo mlevi alibakiwa na nafasi finyu sana, na mwili wake ukaanza kuzoea kukaa bila. Kisha katika Suratul Maida, aya ya 90, likaja katazo la mwisho, na watu wakaimwaga pombe njiani Madina. Kwanza watambue, kisha siku yao ipangwe upya, kisha waache moja kwa moja. Hakuna hatua iliyosema waozesheni.

"Msisengenye," tunaambiwa

Tukiyasema haya tunajibiwa kwamba Muislamu humsitiri mwenzake. Ni kweli. Atakayekwenda barazani kutangaza kwamba mtoto wa fulani anavuta unga, amekosea. Lakini walii anapokuja kuuliza kwa ajili ya binti yake, hilo ni jambo jengine kabisa.

Someni kisa cha Fatima bint Qays, kimo ndani ya Sahih Muslim. Alipomaliza eda yake aliposwa na watu wawili, Muawiya na Abu Jahm, akaenda kutaka shauri kwa Mtume, rehma na amani zimfikie. Mtume hakumwambia wote ni vijana wazuri, tawakali. Alimweleza kwamba mmoja hana mali na mwengine ni mkali kwa fimbo, akamuelekeza kwa Usama bin Zayd. Akaolewa naye na akaona kheri. Imam Nawawi ameitaja nasaha ya namna hii katika yale mahali ambapo kumtaja mtu kwa aibu yake kunaruhusiwa. Basi jirani aliyeulizwa akasema "sijui, namuona tu akipita" na hali anajua, asijidanganye kwamba amesitiri. Amemuuzia mwenzake ng'ombe kipofu usiku.

Wengine wanatuambia mke mwema humbadilisha mume. Wapo wanaume waliobadilika baada ya kuoa, hatukatai. Ila waulizeni wenyewe wamewezaje. Watawaambia walichoka, walikwenda soba mara mbili au tatu, waliwakimbia marafiki, walikaa kwenye vikao. Mke alikuwepo, na alisaidia. Lakini kazi waliifanya wao. Na ukihesabu hao, hesabu pia wake wema wangapi walisali tahajudi, walipika, walisamehe, na bado waliachiwa watoto watatu na nyumba tupu. Wema wao haukupungua kitu. Hawakuwa na uwezo wa kuacha kwa niaba ya mtu mwengine.

Na nyinyi mnaosema teja hatibiki

Upande wa pili nao hatuuachi. Wapo wanaosema teja ni teja mpaka anakufa, asioe, asiajiriwe, asisalimiwe. Hao ndio wanaomfundisha kijana kujificha. Tunawafahamu wanaume walioacha unga miaka mingi sasa, wana wake na watoto, wana maduka, wengine wanaongoza wenzao katika soba. Hawakupona kwa sababu mtaa uliwatukana. Walipona kwa kujikagua kila siku, na mpaka leo wanajikagua, kama mgonjwa wa presha anavyoendelea kupima hata akijihisi mzima.

Kwa hiyo hatumwambii bibi harusi akimbie kila mtu mwenye historia. Tunamwambia atofautishe kati ya anayepata nafuu na anayefichwa. Ni rahisi kuliko unavyodhani, kwa sababu anayepata nafuu ana mazoea unayoweza kuyaona:

Kwanza, anasema mwenyewe. Hangoji umsikie kwa watu. Anajua tarehe ya mwisho aliyotumia, na watu wengine wanaweza kuithibitisha.

Pili, anazijua hatari zake kwa majina. Ukimuuliza "kitu gani kinaweza kukurudisha?" atakutajia mahali, saa na hali. Akijibu "hakuna, mimi nimeshaacha, basi," hapo ogopa.

Tatu, siku yake ina mpangilio. Ana kazi au shughuli, ana muda wa kulala, ana kikao au kliniki anayokwenda, ana mtu mzima aliyeacha kabla yake ambaye anaweza kumpigia simu hata usiku wa manane.

Nne, fedha zake zinaonekana zinakoingia na zinakotoka.

Tano, anakubali muda. Ukimwambia tusubiri mwaka, hakasiriki wala halii. Anayeharakisha ndoa ana kitu anachokikimbia.

Na yote hayo yakitimia, nendeni mkapime kabla ya kufunga ndoa: virusi vya ukimwi, homa ya ini B na homa ya ini C. Katika Zanzibar kwa jumla maambukizi ya ukimwi yako chini ya asilimia 1, lakini kwa wanaojidunga yamekuwa juu mara nyingi zaidi, kwa sababu ya kuchangia sindano. Kupima si matusi. Anayekwambia "huniamini?" mjibu kwamba unampenda na utapima naye.

Kwa aliyekwisha kuolewa

Shoga yetu, kama wewe tayari umo ndani, hili halikuandikwa kukusimanga. Hukumuingiza kwenye unga, na huwezi kumtoa kwa kumpenda zaidi. Lakini na wewe una hesabu yako ya kufunga. Ni mara ngapi mwezi huu umelipa deni lake kwa siri? Umempigia bosi wake simu kusema ana homa? Umempa fedha ili kelele ziishe watoto walale? Kila moja ilikuwa na sababu, na tunaijua sababu hiyo. Ila kwa pamoja zimekuwa mazoea ya nyumba, na mazoea hayo yanaurahisishia unga kukaa.

Anza na moja tu. Fedha ya chakula nunua chakula, usimshikishe noti. Mali yako ni yako, sheria ya dini yako imekupa: dhahabu yako, cherehani yako, mtaji wako. Viweke mahali anapokaa mtu unayemuamini. Muambie mtu mmoja wa upande wako ukweli wote. Mwambie mumeo, siku akiwa na akili zake, kwamba utamsindikiza kliniki au soba, na kwamba hutamsindikiza kwenye uongo. Na akikupiga au akiwatia watoto hatarini, mlango wa kadhi upo, na kwenda huko si kumfedhehesha mume.

Tusisahau pia kwamba wapo dada zetu wenyewe wanaotumia. Hawa ndio wanaofichwa zaidi, na nyumba za kuwapokea ni chache mno kuliko za wanaume. Na wao huambiwa maneno yale yale: aolewe, atatulia. Anaolewa, anabeba mimba, na unga umo mwilini. Mwenye mimba anayetumia asiache ghafla peke yake nyumbani, kwani arosto inaweza kumdhuru yeye na mtoto. Apelekwe hospitali, na aende na mtu asiyemuonea haya.

Tunachotaka

Mama wa kijana, tunayajua machungu yako na hatukucheki. Lakini zile fedha ulizoweka kwa ajili ya harusi, tumia kwanza kwa tiba. Mpeleke, kaa naye mwaka, muone akijikagua na akiishi siku zake upya. Kisha kapose, na uiseme historia yake ukiwa umeinua uso. Wapo watakaokataa, na wapo watakaokubali.

Walii, unapouliza habari za mchumba usiulize kwa aliyekuletea posa. Uliza anapofanya kazi, uliza msikiti anaosali, uliza mtaa aliokulia, na uliza mara mbili.

Na wewe bibi harusi, ukija kupima nguo tutakushonea kwa furaha. Ila kama moyoni unajua kitu juu ya huyo mwanamume na umejiambia "nitamtengeneza nikishafika kwake," tafadhali usilipe arubuni bado. Nenda ukamuulize yale maswali matano. Kitambaa kitasubiri.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awape nguvu ya kujihesabu kila usiku, na awalinde mabinti zetu wasitolewe kama dawa. Amin.

Wabillahi tawfiq.